Risasi za Mlangoni

"Mlango huu una risasi," alisema Bwana Ohlde, mthamini aliyeletwa na benki.

Bibi Zabloudil, mwenye nyumba, akatabasamu kama mtu aliyesifiwa mjukuu wake. "Zimo mbili. Weka kidole uone."

"Sisemi za bunduki, mama. Nasema madini ya risasi, kwenye rangi. Rangi inabanduka, na vumbi lake ni sumu kwa watoto. Ukwanguliwe wote, upakwe dawa, au ung'olewe. Vinginevyo serikali haimdhamini binti huyu, na benki haitoi mkopo."

"Basi serikali ikanunue kwingine," alisema bibi, akaingia ndani.

Darcy Kudrna, binti aliyetaka kuinunua nyumba ile, alibaki barazani. Mshahara wake wa kutunza wazee ungeweza kulipia nyumba hii taratibu, lakini akiba ya kutanguliza hakuwa nayo. Mkopo wa nyumba za mashambani, unaodhaminiwa na serikali, haukudai malipo ya kutanguliza, ndiyo maana alikuja kijiji hiki cha Lisek. Nyumba yenyewe alikwisha kuipenda: jiko linalopata jua la asubuhi, na ua wenye mti wa plamu.

Tatizo ni kwamba mlango ule ulikuwa fahari ya Lisek. Zamani za babu zao, wanaume wa mji jirani wa Wymer walikuja na magari ya farasi, wakaupiga risasi mlango wa mahakama ya kaunti, wakabeba makabati ya nyaraka na viti hadi kwao. Tangu hapo makao makuu ya kaunti yakawa Wymer. Lisek ilibakiwa na mlango tu, na babu yake Bibi Zabloudil akaufunga kwenye nyumba yake. Hadi leo, mtoto wa Lisek anayeanza shule huletwa pale atie kidole kwenye tundu.

Na Darcy alikuwa mtu wa Wymer. Hakuwa amemwambia yeyote.

Kesho yake alirudi na sinia la kolache, mikate midogo yenye jamu ya plamu, zingali moto. Bibi Zabloudil alilipokea, akaliweka kwenye meza ya barazani, akafunua kitambaa, akatazama. Kisha akainua moja kwa vidole viwili.

"Nani amekufundisha kuzikunja hivi?"

Darcy akahisi uso unawaka. Lisek huziacha wazi, jamu ionekane. Wymer ndio wanaozikunja kama bahasha. Usiku kucha aliwaza mlango, mikono ikakunja yenyewe.

"Mama yangu, bibi."

"Mama wa wapi?"

"Wa Wymer."

"Nilijua! Anayeficha jamu ana jambo lake." Hata hivyo aliing'ata. "Mbona hukusema?"

"Niliogopa usingeniuzia."

"Ningekuuzia. Ningepandisha bei tu." Akatafuna, akameza. "Kwa nini hununui kwenu, huko mlikozipeleka ofisi zetu?"

"Kwetu kumekuwa mji mkubwa, bibi. Mkopo huu ni wa mashambani tu." Darcy alisita, akajikaza. "Ofisi zingebaki hapa, Lisek ndiyo ingekuwa mji. Mimi nisingeweza kununua hapa."

Bibi Zabloudil akamkodolea macho. Halafu akacheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, sinia likatikisika mezani.

"Kumbe wezi wale walikuwa wanakutafutia nyumba!"

Darcy naye akacheka, kisha akasema polepole, "Mlango tusiung'oe. Tukwangue rangi tu. Matundu yabaki."

"Rangi aliipaka babu."

"Aliipaka kwa nini?"

Bibi akatazama mlango. "Alikuwa akiona haya. Walishindwa, unajua. Nilipokuwa mdogo kila kiangazi alikuwa akipaka tabaka jingine, akitumaini matundu yatajaa." Akafuta makombo mdomoni. "Lo! Naye alikuwa akificha jamu."

Akavua miwani, akaifuta kwa aproni, akaivaa tena.

"Haya. Waliouharibu ndio wautengeneze. Barakoa ipo? Maji je? Usinitimulie vumbi kwenye chakula."

Walilowesha, wakakwangua, siku baada ya siku, Darcy amesimama na bibi ameketi kwenye kiti cha jikoni akishughulikia sehemu ya chini na kulalamika kwamba watu wa Wymer hawajui kushika chombo. Chini ya rangi ulitokea mwaloni wa rangi ya asali. Matundu yakaonekana vizuri kuliko wakati wowote.

Bwana Ohlde aliporudi, alisogeza kifaa chake cha kupimia madini juu ya mbao, huku na huku. "Safi. Hakuna risasi tena."

"Zimo mbili," alisema Bibi Zabloudil. "Ila usiiambie serikali."

Mthamini akacheka, akaenda kuandika barua ya benki garini. Bibi akamgeukia Darcy.

"Wewe hukuletwa hapa ulipoanza shule."

"Sikuletwa, bibi."

"Basi unangoja nini? Mwenye nyumba asiyetia kidole ni mwenye nyumba gani?"

Darcy akatia kidole. Ndani ya tundu mbao ilikuwa laini, imelainishwa na vidole vya watoto wote wale.