Popo Aliyeamka Mkononi

Binti alikuwa anaosha vyombo kwa mkono mmoja. Wa pili ameuficha nyuma kama mtoto aliyeiba sukari, na huyu si mtoto tena, ni mtu mzima mwenye kazi yake. Mama yake, fundi cherehani, alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. Akaacha.

"Huo mkono una nini?"

"Hauna kitu."

"Haya, nionyeshe huo usio na kitu."

Binti akautoa. Kidoleni palikuwa na plasta. Mama akaibandua. Chini yake alama mbili ndogo, ungesema kachomwa na mwiba tu.

"Glavu zilikuwa wapi?"

Binti akaanza habari za pua ya popo.

Binti huyu alikuwa msaidizi wa mtafiti wa popo. Si wale popo wakubwa walao matunda, hapana, ni wale wadogo walao wadudu, wenye pua iliyokunjamana kama jani lililobandikwa usoni. Walihamia kwenye ghala bovu, wakaning'inia darini kila mmoja na nafasi yake, hawagusani, kama watu waliogombana. Mtafiti alitaka kujua lile jani lina kazi gani. Basi binti alikuwa analipaka mafuta ya mgando kwenye ncha ili lilale, halafu popo anaachiwa kwenye chumba kilichotundikwa nyuzi, waone kama atazikwepa. Akimaliza anasafishwa, anarudishwa kwa wenzake. Glavu za kumshikia alizishona mama mwenyewe, ngozi juu, kitambaa ndani.

"Mama, huyu hapigi kelele kwa mdomo," binti alisema, macho yanang'aa. "Mdomo kaufunga! Sauti inatoka puani, na lile jani linaielekeza mbele, kama wewe unavyozungushia viganja mdomo ukiniita toka uani. Ni sauti nyembamba mno, masikio yetu hayaipati. Ikigonga mdudu, nondo tuseme, inarudi. Yeye katega masikio, moja huku, jingine kule, anajua nondo yuko wapi na anapigaje mabawa."

"Nimekuuliza glavu."

"Ncha ya lile jani ni kama punje ya mchele, mama. Na glavu zako, unisamehe, ni za kutolea mikate kwenye tanuri."

Baba, aliyekuwa amejinyoosha kwenye kochi, akaangua kicheko. "Profesa wetu kasema kweli! Mimi nilizivaa nikashindwa kushika kikombe."

"Wewe umeulizwa?"

Kidogo kidogo likatoka lote. Asubuhi ile kulikuwa na baridi. Popo hawa wakipigwa na baridi mwili huzizima, moyo hupiga polepole, ndivyo wanavyobana nguvu zao. Binti akamkuta mmoja kama kijiwe cha mtoni, hatikisiki. Akaona huyu hana neno, akavua glavu, akamlaza kiganjani, akaanza kupaka taratibu. Alichosahau ni kwamba kiganja cha mtu ni jiko. Popo akapata joto, akaamka, akang'ata.

"Bosi wako anajua?"

Binti akarudi kwenye vyombo.

"Nakuuliza!"

"Nitamwambia tukimaliza. Majike wana mimba, wakikaribia kuzaa kazi inasimama. Kwake uking'atwa unatolewa kazini mpaka umalize sindano zote za kinga. Nikimwambia leo, kazi yangu yote anamaliza mtu mwingine. Siku chache tu, mama."

"Na kama popo huyo ana ugonjwa? Si mwenyewe uliniambia popo wengine wana ugonjwa ndugu yake kichaa cha mbwa?"

"Si wote."

"Huyo wako ulimuuliza?"

"Mwache mtoto," baba akasema. "Kidonda chenyewe hata nzi hakioni."

Mama akamburuta binti mpaka bombani, akamsugua kidole kwa sabuni, maji yanatiririka, mpaka ngozi ikajikunja. Alisema twende hospitali. Alisema kwa upole, alisema kwa ukali, alisema huku anafunga mlango wa nje na funguo anatia kifuani. Binti aliitikia "ndiyo mama, kesho," kisha akajifungia chumbani. Baba akaongeza sauti ya redio. Mama akabaki amesimama katikati ya sebule. Akamfikiria yule popo. Kelele zake hakuna azisikiaye, lakini hata ukuta unamjibu. Yeye anasikika nyumba nzima, na hapati hata mwangwi.

Asubuhi binti alikuwa ameondoka, kapitia mlango wa uani. Hospitali? Thubutu. Mama alitupa khanga begani akashika njia ya ghalani.

Aliwakuta kazini. Mtafiti alikuwa amemwachia popo mwenye jani lililolazwa. Mnyama akaruka vizuri, akapinda, halafu akaparamia uzi ambao mama aliuona toka mlangoni. Akaanguka. Mtafiti akaandika. Mama hakungoja amalize. Aliushika mkono wa binti yake akauinua juu.

"Samahani bosi. Huyu kang'atwa jana. Alivua glavu."

Kalamu ya mtafiti ikasimama. "Jana saa ngapi? Mbona hukuniambia? Acha kila kitu, nawasha gari."

"Mama!" binti akasema kwa sauti ya chini, ile mbaya. "Umenivua nguo mbele ya watu."

"Heri hivyo kuliko nikuvishe sanda."

Enyi wazazi wenzangu, hapa sisemi kwa mzaha. Popo hashikwi kwa mkono mtupu, hata awe baridi, hata aonekane amekufa. Akikung'ata, osha kwa sabuni na maji mengi papo hapo, nenda hospitali siku ileile, hata kama alama huioni. Ugonjwa ule ukishaonyesha dalili, daktari hana la kufanya. Msiwasikilize akina baba wa kwenye kochi.

Hospitalini sindano nyingine zilipigwa palepale kwenye kidole, binti akauma midomo, asilie. Kwenye benchi alimpa mama kisogo.

"Mtoto wa popo," alisema akiutazama ukuta, "mama yake ana chuchu mbili chini ya tumbo zisizo na maziwa. Kazi yake ni mtoto kuzing'ang'ania mama akiruka. Lakini hata yeye hufika siku akaachia."

"Anaachia akishajua kuruka. Si akishajua kuvua glavu."

Nesi akacheka. Binti hakucheka.

Kazi ilimalizwa na msaidizi mwingine, na binti alinyamaza nyumbani siku nyingi. Umekula? Anaonyesha sahani. Sindano ya leo umechomwa? Anaonyesha bega. Mama alikasirika mpaka akachoka, akachukua kipande cha ngozi laini, akakaa kwenye cherehani.

"Ncha za vidole ziwe nyembamba," sauti ikatoka chumbani.

Mguu wa mama ukasimama kwenye pedeli. "Njoo nikupime."

Binti akaja, uso umefura, akatoa mkono wa kushoto.

"Wa kulia," mama akasema. "Huo uliokuwa unauficha."