Koti la Nailoni

Mwaka wa 1967, siku ambayo kampuni yao ya kununua mashamba ilikuwa igawe vipande kwa kura mjini Eldoret, Mburu alikuwa kitandani siku ya tatu na homa kali. Mwanachama ambaye angekosekana jina lake likiitwa angengoja masalio: mawe ama kinamasi.

"Nitaenda mimi," mkewe Wacera alisema.

"Na baiskeli? Kutoka hapa Kesses?"

"Wewe si huenda?"

"Mimi nimezoea ule upepo, Mama Wamucii."

"Basi nipe koti."

Koti hilo Wacera alikuwa amelishona mwenyewe, kwa kitambaa cha hema alilouza mzungu wa shamba jirani alipokuwa akifunga virago. Lilikuwa la nailoni nyepesi, lenye mpira mikononi, na nyuma lilikuwa refu ili mtu akiinama mgongo usibaki wazi. Likikunjwa liliingia ndani ya mfuko wake lenyewe, likawa dogo kama parachichi. Mburu, aliyepeleka mayai mjini, alilivua kwenye milima asije akaloa jasho, na kulivaa kwenye miteremko.

Wacera alivaa suruali ya mumewe chini ya rinda, akaficha hati ya hisa kifuani, akamwacha mgonjwa kwa jirani yao Chepkorir. Kulikuwa kunapambazuka. Majina yangeanza kuitwa saa nne, na yeye hakuwahi kuendesha baiskeli mbali kupita kinu cha posho.

Kwenye mlima mrefu alilivua koti, akalitia mfukoni. Alipofika juu, jasho likimtiririka, alijua anapaswa kusimama alivae. Lakini jua lilikuwa limeshapanda. "Nitachelewa," alijiambia, akajiachilia kwenye mteremko.

Upepo ulimpenya kama sindano. Jasho liligeuka barafu mgongoni. Katikati ya mteremko alitaka kufunga breki, na vidole vikakataa kukunjika. Mbele kulikuwa na kona na mtaro. Aliburuta viatu kwenye barabara ya murram, akiita Mungu kwa sauti, mpaka baiskeli ikalalia ukingo wa nyasi naye juu yake, mkono mmoja umechubuka.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kupapasa kifua. Hati ilikuwepo. Akalivaa koti kwa meno na viganja, akakaa mikono kwapani akihesabu pumzi, akiuonea uchungu muda uliokuwa ukipotea kwa kila pumzi. Vidole vilipoanza kuuma, akapanda tena.

Aliingia ukumbini akisikia, "Mburu wa Thuo! Mara ya mwisho!"

"Niko!"

Watu waligeuka. Karani, kijana aliyeitwa Oketch, alimtazama kuanzia viatu vyenye matope hadi kichwani. "Mburu ni mwanamume, Mama."

"Ni mgonjwa. Mimi ni bibi yake. Hati ndiyo hii."

"Sheria inasema mwanachama mwenyewe."

Wacera aliinua hati juu. "Bwana karani, nimetoka Kesses na baiskeli. Waulize hawa kama hawanijui."

Kila mmoja alikuwa akikingoja kipande chake, na jina moja likirukwa, bahati ya wengine inaongezeka. Wacera aliliona hilo machoni mwao. Kisha mzee Ephantus, aliyekuwa bado hajaitwa, akainuka polepole.

"Mimi namjua. Hajakosa mkutano hata mmoja na mumewe. Achukue."

Mwenyekiti akatikisa kichwa kukubali. Wacera akaingiza mkono kwenye kofia yenye karatasi za kura. Karatasi ilimponyoka mara mbili.

"Hamsini na nane," Oketch alisoma, akainamia ramani.

"Ni kinamasi?" Wacera aliuliza.

"Hapana. Juu ya mto. Udongo mwekundu."

Wacera akaketi sakafuni palepale, mbele ya watu.

Jua lilikuwa bado juu alipofika nyumbani. Chepkorir alimwambia homa imeshuka kidogo. Mburu akaichukua karatasi, akaisoma, akairudia.

"Na huu mkono una nini?" akauliza.

"Nilianguka," alisema Wacera, na ndipo akaanza kulia.