Amina Mara Arobaini na Moja

Kompyuta iliniuliza mara arobaini na moja, nami nikaitikia mara zote, kama mtu anayesema amina huku mawazo yake yako sokoni.

Mimi ndiye mtunza mishahara wa kiwanda chetu cha mikate. Zamani nilifagia ofisi hiyohiyo. Kompyuta nimejifunza ukubwani, darasa la jioni. Kila mwisho wa mwezi programu humtumia kila mfanyakazi hati yake ya mshahara kwa barua pepe, na kabla ya kila barua hutokea kisanduku cha njano: "Programu inataka kutuma barua kwa jina lako. Ruhusu au kataa?" Fundi wa kompyuta aliahidi kukiondoa. Mwezi wa tatu huu, ahadi tu. Basi nikajizoesha: nabofya Ruhusu, nafumba macho namwombea mtu mmoja, nabofya tena. Nilidhani nimegeuza kero kuwa ibada.

Ijumaa hiyo nilimwongeza mlinzi mpya. Jina lake nililiweka chini ya orodha, anwani yake nikaiweka juu. Anwani zote zikasogea hatua moja. Kisanduku kikaongeza mstari: "Jina na anwani havilingani." Sikuusoma. Macho nilikuwa nimeyafumba.

Dakika kumi baadaye aliingia Kimya, mzee wa tanuri, simu mkononi.

"Mama, hili jina si langu."

Mimi na Kimya tuna siri. Naye husoma jioni, chumba cha pili kutoka changu: darasa la kusoma na kuandika. Kiwanda humkata ada kwenye mshahara, na mstari huo umeandikwa wazi kwenye hati yake. Kila mwezi huja nimsomee. Aliniomba jambo moja tu, wenzake wasijue.

Kabla sijamjibu, kicheko kililipuka nje, wanakopakia mikate.

"Jamani! Kumbe Babu Kimya yuko chekechea!" Ilikuwa sauti ya dereva; hati ya Kimya ilikuwa imemfikia yeye. "Babu, tuimbie a, e, i, o, u!"

"Muulize kaptula wamempa saizi gani!" akadakia mwingine.

Kimya hakugeuka. Aliiweka simu mezani kwangu taratibu, kama mkate uliotoka motoni, akarudi kwenye tanuri lake.

Nilimpigia fundi. Akanielekeza jinsi ya kupanga anwani upya, kisha akasema, "Usihangaike, dada. Waambie ni mtandao. Nani atajua?"

Nilitamani sana kusema ni mtandao, Mungu anisamehe. Nikatoka nje.

"Si mtandao," nikawaambia. "Ni mimi. Nilionywa mara arobaini na moja, sikusoma hata mara moja. Futeni hati zisizo zenu. Na kosa kaligundua huyo mnayemcheka. Ninyi wengine, hamkuona majina pale juu?"

"Mama, mimi niliangalia pesa," akasema mpakiaji mmoja. "Nani anaangalia jina?"

Nikageuka kutazama ndani. Kimya alikuwa amejiinamia mbele ya tanuri, akichochea moto usiohitaji kuchochewa.

Jioni nilichungulia darasa lake. Kiti chake kilikuwa kitupu. Usiku nilipopiga magoti nilishindwa kulitaja jina lake. Niliona haya kulipeleka mbele za Mungu baada ya kulianika mbele za watu.

Jumamosi alikuja kuchukua simu. Hati yake ya kweli ilikuwa imeshafika.

"Nikusomee?"

"Hapana."

Alivuta kiti, akasoma silabi kwa silabi, hadi mstari wa ada. Hapo akauwekea kidole.

"Mwezi ujao huu mstari uutoe."

"Baba, usiache shule kwa ajili yangu."

"Nani kasema naacha? Nitalipa mwenyewe, mkononi." Bado hakuwa ameniangalia. "Utautoa?"

Nikausoma mstari ule neno kwa neno, ndipo nikajibu ndiyo.