Sahani ya Umazi

Simu ya mama yake ilipofika siku ya tisa haipatikani, Kanze alimwomba mpishi mkuu ruhusa, akavua aproni na kuondoka Diani asubuhi ileile. Alikuwa mpishi wa kifungua kinywa katika hoteli moja ya ufukweni. Kila siku alikaanga mayai ya mamia ya wageni, lakini kwao, bara ya Kinango, mvua ilikuwa imekosa misimu mitano mfululizo. Kila alipopiga simu, mama yake, Dama, alimjibu neno lilelile: "Tu wazima, mwanangu. Tunakula." Kanze aliamini kwa sababu alitaka kuamini.

Alifika saa nane mchana, amebeba mkate na pakiti mbili za unga. Mlango ulikuwa wazi. Mama yake alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba, macho yamezama, mikono imebaki kama fito za kujengea. Hakushtuka kumwona.

"Kanze," alisema kwa sauti ya chini mno. "Umekuja na mvua?"

Unga wote ambao Kanze alikuwa akiutuma kwa lori la makaa, Dama alikuwa ameugawa kwa majirani wenye watoto. Kisha lori lenyewe likaacha kupita. Kalama, mdogo wake Kanze, alikuwa ameondoka miezi miwili nyuma na mbuzi waliobaki, akitafuta malisho upande wa Kilibasi. Katika boma walibaki wajane wawili tu, Dama na mke mwenzake, Umazi, kila mmoja nyumbani mwake, wakiitana kwa sauti asubuhi ili kila mmoja ajue kwamba mwenzake bado yupo.

Pikipiki ilikuwa moja, ileile iliyomleta Kanze. Ingeweza kumbeba dereva, mgonjwa, na mtu wa kumshika mgonjwa asianguke. Kanze alikwenda nyumba ya pili, akapiga magoti.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Mchukue mwenzangu," Umazi alisema kabla hajaulizwa. "Mimi ninaweza kungoja."

"Nitarudi Jumamosi kukuchukua na wewe."

Alimwachia unga wote na mkate nusu, akaenda zake. Njia nzima mpaka Ukunda alimshika mama yake kifuani jinsi mtu anavyoshika mtoto, na kilichomtisha hakikuwa kuumwa kwake ila wepesi wake.

Kanze alikuwa amepanga chumba nyuma ya soko la Kona ya Musa. Alimweka mama yake kitandani, akawasha jiko, na akaanza kazi anayoijua. Kwanza uji wa maziwa, sukari tele. Halafu wali wa nazi na samaki. Asubuhi mahamri na mbaazi, chai yenye sukari vijiko vinne, soda baridi aliyoitamani mwenyewe Dama. Mchana biriani iliyoletwa na jirani wa chumba cha pili, Hafsa, mama mmoja wa Kidigo mwenye huruma. Dama alikula kwa mikono miwili. Alikula huku akilia machozi, akacheka kwa kulia kwake. Akimaliza, Kanze alimwongezea. Hakuna siku katika maisha yake aliyoona kazi ya mikono yake ina maana kama siku ile.

"Nilikuwa nimesahau kwamba pilipili inawasha," Dama alisema.

Siku ya pili aliketi mlangoni, akaulizia habari za soko. Siku ya tatu miguu yake ilivimba.

"Mwili unarudi," Hafsa alisema. "Mtu aliyekonda akianza kunenepa huanzia miguuni."

Kanze alifurahi, akapika zaidi. Lakini jioni ile Dama alilalamika kwamba vidole vinamfa ganzi, na kijiko kikamponyoka mara mbili. Kanze akamlisha kwa mkono wake. Siku ya nne asubuhi Dama alimwita Kanze kwa jina la dada yake mwenyewe aliyekufa zamani, pumzi zikawa fupi fupi kama za mtu aliyepanda mlima, na midomo ikageuka rangi. Hafsa alikimbia kuita gari.

Katika hospitali kule Msambweni walimpokea mbiombio. Wakamtoa damu, wakamwekea hewa, wakamfunga nyaya kifuani. Kanze alisimama ukutani ameshika kikapu cha chakula, maana hata huko alikuwa amefungasha wali. Kabla ya adhuhuri moyo wa mama yake uliruka mapigo, ukayarudia, ukayaacha.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo wa umri, jina lake Mwanarusi. Alimkalisha Kanze kwenye benchi la nje na kumuuliza maswali kwa upole. Mama alikaa na njaa muda gani? Alipofika mjini alikula nini? Kanze alivitaja vyakula vyote, kimoja kimoja, kama mtu anayesifu karamu. Daktari hakumkatiza.

"Niambie," Kanze alisema. "Alikuwa na ugonjwa gani?"

"Alikuwa na njaa, dada. Mwili una akiba. Kuna sukari kidogo kwenye ini, hiyo inaisha kwa siku moja hivi. Baadaye mwili unachoma mafuta yake. Mafuta yakipungua unachoma nyama yake wenyewe, mpaka ya moyo. Na ili mtu asife upesi, seli zake zinapunguza kazi, zinaishi kwa kujibana. Mama yako ameishi hivyo wiki nyingi. Muda wote huo madini yamekuwa yakimtoka mwilini, fosfeti hasa, na kwa macho huwezi kuona."

"Lakini nilimpa chakula."

"Ndiyo. Seli haiwezi kutumia wali au sukari kama ilivyo. Inaivunja, na nguvu inayotoka humo inafungwa ndani ya kitu kidogo sana kilichoundwa kwa fosfeti. Hicho ndicho kinachopeleka nguvu panapotakiwa, msuli ujikunje, kifua kivute pumzi, moyo upige. Sasa sukari nyingi ilipomwingia ghafla, seli zote ziliamka pamoja zikaivuta. Na zilipoivuta, zikavuta na fosfeti kidogo iliyobaki kwenye damu. Haikutosha. Moyo wake haukuwa na cha kupigia."

"Na tumbo limejaa."

"Na tumbo limejaa."

Nje muuza matikiti alikuwa akikata vipande, na watu walikuwa wakila wamesimama. Kanze alitazama kikapu chake.

"Kwa hiyo ni mimi."

"Ungemwacha kule asingemaliza wiki," daktari alisema. "Ulifanya kile ambacho mtoto yeyote angemfanyia mama yake."

"Sicho nilichokuuliza, daktari."

Mwanarusi aliinamisha kichwa. Hakumdanganya, na Kanze baadaye alimshukuru kwa hilo, ingawa siku ile alimchukia. Kisha daktari aliuliza, "Huko ulikomtoa, kuna mwingine aliyebaki?"

Hapo ndipo Kanze alipomkumbuka Umazi. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

Daktari alimwandikia namba ya simu kwenye karatasi, na chini yake maagizo: asipewe wali, asipewe soda wala nyama, apewe kwanza vidonge vya vitamini, halafu uji mwepesi, kidogo kidogo, siku kadhaa, na ikiwezekana aletwe hospitali. Kanze aliisoma karatasi ile mpaka akaijua kwa moyo.

Maiti ililetwa kijijini Jumamosi. Kalama alikuwa amepata habari, akawaacha mbuzi malishoni na kurudi, mwembamba, midomo imepasuka. Jamaa zao wanaokaa Munje, pwani, walikuwa wametangulia na gunia la mchele, wengine walikuja na mbuzi, na katika boma lile ambalo halikuwa limeona moshi wa maana kwa miezi, masufuria matatu yalikuwa yakitokota. Watu waliokuja kuzika walikuwa na njaa wote. Ilikuwa wazi kwamba wengi wao wangekula nyama siku ile kwa mara ya kwanza mwaka ule, na hakuna aliyeona aibu.

Kanze alikuwa bado ameshika ubavu wa jeneza alipowaona wanawake wawili wakielekea nyumba ya pili na sahani. Wali umerundikwa, mchuzi unachuruzika, nyama juu.

Aliliacha jeneza. Alipoingia, Umazi alikuwa ameegemezwa ukutani. Siku zote nne alikuwa akilamba unga mkavu kwa ncha za vidole, maana hakuwa na nguvu za kuteka maji wala kuwasha moto. Sahani ilikuwa mapajani mwake tayari na tonge mkononi. Kanze alimshika kifundo cha mkono, akaukamua mkono ule uliokuwa mifupa mitupu, tonge likaanguka. Akaichukua sahani.

Wanawake walirudi nyuma hatua moja. Mmoja wao, mkubwa wao, alisema polepole, "Kanze, leo ni siku ya mama yako."

"Ninajua."

"Na huyu ni mama yako pia."

"Ndiyo maana."

Alijaribu kuwaeleza. Akasema habari ya madini, na seli, na moyo, na alivyokuwa akisema alijisikia kama mtu anayesoma barua ya mwingine. Akasema mwishowe, "Mama alikufa kwa chakula." Neno hilo ndilo walilolichukua. Lilitoka nje kabla yake, na kabla kaburi halijafukiwa lilikuwa limekwisha geuka: kwamba mama alikula kitu katika nyumba ya binti yake huko pwani.

Kalama alimvuta kando, nyuma ya zizi tupu.

"Usilirudie tena neno lile."

"Ndiyo kweli, Kalama."

"Sikatai. Lakini watu wanaelewa njaa inaua. Ukiwaambia shibe inaua, watatafuta mkono uliopika."

Umazi alikataa kupelekwa hospitali. Alisema Dama alipelekwa pwani akarudi ndani ya sanduku, naye hataki sanduku. Kwa hiyo Kanze alipiga ile namba, na daktari akazungumza na mhudumu wa zahanati ya karibu, kijana mpole aitwaye Nassir, aliyefika kwa pikipiki na vidonge, akampima Umazi unene wa mkono kwa utepe, akatikisa kichwa. Kila siku mbili alirudi.

Kanze aliketi mlangoni mwa nyumba ile kama askari. Matanga yalikuwa yakiendelea kwa siku kadhaa, na harufu ya mchuzi iliingia kwa kila upenyo wa ukuta. Uji mwepesi nusu kikombe. Baada ya saa tatu, nusu kikombe tena. Umazi alilamba kikombe, akalamba kijiko, kisha akamtazama.

"Niongeze."

"Bado, mama mdogo."

"Mama yako alikula akashiba?"

Kanze alichukua kikombe, akakisuuza.

"Ninakuuliza. Alishiba?"

"Alishiba."

"Basi mimi nimekukosea nini?"

Siku ya pili alibembeleza. Siku ya tatu alitukana, akafukua ugomvi wa wake wenza wa miaka thelathini, nani alinyimwa shamba, nani alipewa kitenge, akasema sasa ndiyo anaona Dama alimwachia binti yake kisasi cha kulipa. Siku ya nne alilia bila machozi, na hicho ndicho kilichokuwa kigumu zaidi. Kanze alijua kupika. Angeweza kusimama, kutembea hatua ishirini, na kurudi na chakula ambacho kingemfanya mwanamke yule amwombee dua. Alikaa. Mwenyewe hakula ila viazi viwili vya kuchemsha, kwa kujificha, kwa sababu aliogopa Umazi asije akasikia harufu mdomoni mwake.

Wanawake walipita mlangoni bila kumsalimu. Mara moja alimkuta mmoja ameingia kwa nyuma na kipande cha nyama ndani ya kanga, wakagombania kama vichaa, na kipande kile kikaanguka mavumbini. Umazi aliwatazama wote wawili, halafu akaitazama nyama.

Siku ya sita uji ulizidi uzito. Siku ya nane Nassir aliruhusu dagaa wa kusaga. Siku ya kumi Umazi alisimama mwenyewe, akashika kizingiti, akatembea mpaka kwenye kaburi la mwenzake na kukaa hapo kitambo, anazungumza peke yake. Miguu haikuvimba. Kanze alikuwa akiikagua kila asubuhi, akiibonyeza kwa kidole gumba, na kila asubuhi Umazi alitazama pembeni.

Siku ya kumi na mbili mtoto wake wa kike aliyeolewa Samburu alikuja kumchukua. Kanze alimfundisha binti yule namna ya kuendelea kumlisha, akampa karatasi ya daktari. Umazi alimpa Kalama mkono, akawaaga majirani kila mmoja kwa jina, akampita Kanze aliyekuwa amesimama njiani.

"Kwaheri, mama mdogo," Kanze alisema.

Umazi alipanda pikipiki.

Hoteli haikuwa imempa mtu mwingine kazi yake, kwa hiyo alirudi kwenye mayai. Hafsa alikuja kumpa pole, akakaa kitandani kwa Kanze, akasema, "Mimi ndiye niliyekwambia mwili unarudi." Kanze akamwambia hapana, asiseme hivyo, wote hawakujua. Walikaa hivyo, wakinywa chai.

Baada ya miezi mitatu Kalama alipiga simu asubuhi, Kanze akiwa jikoni hotelini. Mvua imenyesha kidogo, alisema, majani ya mbuzi yameota. Alikuwa amepitia Samburu.

"Umemwona?"

"Nimemwona. Amenenepa. Anateka maji mwenyewe."

Kanze aliibana simu sikioni.

"Anamsimulia kila mtu," Kalama alisema kwa shida, "habari ya ile sahani. Kwamba mtoto wa mwenzake alimpokonya tonge mkononi siku ya maziko. Nilijaribu kukutetea, wakaniona mjinga. Kwa nini hukumweleza vizuri?"

"Nilimweleza kila siku."

"Sasa?"

"Alikuwa na njaa, Kalama."

Kalama akaanza kumhesabia mbuzi waliozaa. Kanze alimsikiliza mpaka mwisho. Wakati huo mpishi mkuu alikuwa akimwita. Wageni wa kikundi walikuwa wamefika mapema na foleni imefika mlangoni. Akaweka simu mfukoni, akanawa mikono, akavunja yai la kwanza.