Ndimu ya Futari

Ramadhani ile, Falis, muuza maziwa ya ngamia sokoni Isiolo, alikuwa anaogopa chakula. Mchana kutwa alikuwa mzima. Akifungua tu kwa tende, chini ya taya panavimba na kuuma hadi machozi. Mamake alikufa kwa uvimbe wa shingo, naye Falis alishajihesabu maiti. Shemeji yake Abdikadir, bingwa wa kutibu ngamia wagonjwa kwa kuwachoma, alimwahidi chuma cha moto shingoni Jumamosi. Falis akakubali. Mfa maji haachi kutapatapa.

Binti yake Ikra ndiye aliyemkokota hadi kwa Kaari, daktari wa meno kutoka Meru. Kaari alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo madaktari wengi hulionea uvivu.

"Mchana inaisha kabisa?"

"Kabisa, daktari."

"Ningekupa ndimu sasa hivi nione kitu. Lakini umefunga. Nitakuja kwako magharibi."

Falis alidhani ni maneno ya kumtoa mlangoni. Kumbe adhana ilipolia, Kaari alikuwa ameketi mkekani pamoja nao, glavu mfukoni, ndimu mkononi. Mkristo yule hakutaka saumu ya mtu ivunjike kwa ajili ya kazi yake. Hapo hapo Falis akampenda.

Ndimu ilipogusa ulimi, taya likavimba. Kaari akapapasa chini ya ulimi kwa kidole, akatabasamu.

"Hii ni jiwe, mama. Imeziba njia ya mate. Ukianza kula, mate inakuja, inakosa pa kutokea."

"Si ile ya mama yangu?"

"Ya mama yako ilikuwa inapungua?"

"Hata siku moja."

"Basi. Ile mbaya haijui saa ya futari."

Eksrei ilithibitisha. Kesho yake, baada ya kufungua, alidungwa sindano ya ganzi, akakatwa kidogo tu chini ya ulimi, na jiwe likadondoka bakulini, dogo kama punje ya mchele. Abdikadir, aliyekuja kushuhudia, aliligeuzageuza kiganjani.

"Chuma yangu haingefika hapo," akasema. Kwa Abdikadir, hiyo ilikuwa sifa kubwa mno.

Kidonda kilipopona, Falis aliuma sambusa ya nyama mbele ya nyumba nzima. Mikono yote ilisimama, macho yote yakabaki kwenye taya lake. Akatafuna, akameza. Hapakuvimba kitu.

"Mnaniangalia nini? Kuleni!" alifoka, machozi yakimtiririka, huku akichukua ya pili.