Usiniibie, Baba

Waigizaji wote wa kijiji kile cha Assam walikuwa gerezani. Walikata nyaya za simu za Waingereza, askari wakawazoa mmoja mmoja, wa mwisho akiwa Dandiram, mume wa Hemkanti. Akabaki baba yake Dandiram, mzee Tankeswar, mtunzi wa michezo, na tamthilia mpya isiyo na wa kuiigiza.

"Tutaigiza sisi," Hemkanti alimwambia mkwewe huku akimpa tambuu.

Mzee nusura apaliwe. "Sisi nani?"

"Mimi, Nirola, na wake wengine wa waliofungwa."

"Mwanangu, tangu enzi za babu zetu, mwanamke jukwaani huigizwa na mwanamume. Watatucheka."

"Askari walipokuja kumsaka Dandiram, walimpiga nani, Baba? Hawakutafuta mwanamume aliyevaa mekhela, vazi letu la kike. Walinipiga mimi."

Mzee akaendelea kutafuna tambuu. Alama za fimbo alikuwa ameziona kwa macho yake. Mwishowe akakubali, kwa sharti moja: yaliyoandikwa yasiguswe. Katika tamthilia yake, askari wa mfalme wanampiga mwanamke awaambie mumewe kajificha wapi, naye ananyamaza hadi anakata roho. Hana la kusema hata moja.

Wakafanya mazoezi uani, kando ya vitanda vya kufumia. Nirola, jirani yake, aliigiza askari, na kila alipoinua fimbo alishikwa na kicheko.

"Piga kama mtu mwenye hasira, wee!"

"Hasira ninazo, shoga, ila haya masharubu yananitekenya!"

Serikali ilikuwa imekataza mikusanyiko ya usiku, hivyo mchezo ukafanyika alasiri, mbele ya ukumbi wa ibada. Inspekta wa polisi, Mwassam mwenzao aliyekula chumvi ya Waingereza, aliketi mbele kabisa. Wazee wamenuna; wanawake wamefurika hadi barabarani.

Nirola akashusha fimbo. "Mumeo yuko wapi?"

Hapo Hemkanti alipaswa kunyamaza. Lakini lile pigo lilimrudisha siku ile alipolala kifudifudi mlangoni kwake, kinywa kimejaa vumbi, na maneno tele yamemkwama kooni. Akajiinua kwa magoti.

"Najua alipo. Na njia ya kufika naijua. Lakini sisemi! Na usidhani nimenyamaza kwa kuwa nimefundwa kunyamaza. Mwanamke aliyezoea kutii angekwisha kukutii na wewe. Tokeni kwenye ardhi yetu!"

Kisha bibi kizee mmoja akapiga kigelegele, na wanawake wote wakakipokea, kikaenda hadi mtoni.

Inspekta alikwisha kusimama. "Ni mwanamume gani aliyekuandikia maneno haya?"

"Mimi," alisema mzee Tankeswar, akijipenyeza mbele. "Mtunzi ni mimi. Mwacheni mtoto wa watu."

Hemkanti alimtazama, akaona kwamba mzee yu tayari kufungwa kwa ajili yake, na moyo ukamuuma. Kunyamaza kungekuwa rahisi sana.

"Usiniibie, Baba. Haya ni yangu."

"Hemkanti! Ni jela hiyo!"

"Na iwe jela. Lakini niende nayo yakiwa yangu."

Wakamchukua akiwa bado kavaa mavazi ya mchezo. Hakimu alimpa miezi minne.

Mzee alikaa majuma mawili bila kumtazama. Alipokuja, alileta pepeta za mchele na sukari guru, akaketi upande wa pili wa nondo, akainamisha kichwa.

"Umenikana mbele ya kijiji kizima," alisema.

"Nilikukana, Baba. Nisamehe kwa aibu uliyoipata. Kwa maneno yale, siombi radhi."

Mzee aliguna. Akazungushazungusha fimbo yake, akakohoa.

"Wenzio wanakwenda kuigiza ng'ambo ya mto. Nirola ndiye atakayepigwa safari hii. Anauliza, lile la kutii ulilisemaje hasa? Kila mtu kijijini analikumbuka kivyake."

Hemkanti akasogea karibu na nondo, akalisema polepole, na mzee akawa analifuata kwa midomo.