Sahihi ya Shahidi

Fimbo ya chuma ilikuwa imefungwa kwa kipande cha shuka. Ndicho ninachokikumbuka kwanza, kabla ya mkono na kabla ya kelele. Ilikaa mbele ya rola mbili za moto zinazopiga pasi mashuka ya hospitali, na kazi yake ilikuwa moja tu: ukiigusa, rola zisimame. Tatizo ni kwamba iliguswa hata na pindo la shuka, na kila ikiguswa kazi inalala. Basi msimamizi wetu akaifunga kwa mafundo mawili, safi kabisa, kama mtu anayefunga zawadi. Sote tuliyaona yale mafundo. Tulipita hapo kila siku tukijitia hamnazo.

Aliyesimama mbele ya rola asubuhi ile alikuwa Chiriku. Jina hilo tulimpa sisi wenzake wiki ya kwanza, kwa sababu mdomo wake ulikuwa haujui mapumziko. Alizungumza na watu, na ndoo, na foronya zilizopotea. Mimi nilikuwa upande wa pili nikipokea mashuka na kuyakunja. Nilimsikia akilalamika kwamba pembe ya shuka imejikunja. Niliuona mkono wake wa kulia ukienda kuinyoosha. Kisha akaniita kwa sauti ya kawaida, kama anayeomba apishwe njia.

"Dada, izime."

Sikujua inazimwa wapi.

Ili mtu aelewe ilikuwaje wanawake wawili wenye miezi kumi na moja ya mafunzo wasijue kuzima mashine, lazima nieleze habari ya daftari. Nilikuwa nimezunguka mji miaka minne na bahasha ya vyeti kwapani, nikipokea lile jibu la tutakupigia simu, mpaka mama akaacha kuniuliza nikirudi. Siku nilipochukuliwa kwenye mradi wa mafunzo kazini kwa vijana wasio na ajira, alitoka nje na kumwambia kila jirani aliyekuwa anafua. Posho ilitoka kwa wafadhili, mahali pa kujifunzia palitolewa na kiwanda cha kufulia, na baada ya mwaka tungepata cheti. Tulikuwa wanane. Tulipewa aproni nzito na kila mmoja daftari la jalada la buluu.

Ndani ya daftari mlikuwa na mistari arobaini, kila mstari na ujuzi wake. Mwanafunzi alitakiwa afundishwe, afanye mwenyewe, kisha mwenzake aliyemwona atie sahihi kama shahidi, na msimamizi amalizie. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Kwa vitendo, tulipelekwa chumba cha kuchambulia nguo chafu na tukasahauliwa humo. Mikono yetu haikumgharimu mwenye kiwanda hata kidogo, na hakuna anayeharakisha kumfundisha mtu anayefaa alipo. Tulikung'uta mashuka yenye damu na matapishi, tukatoa sindano zilizosahaulika kwenye mifuko ya makoti, tukarusha kila kitu kwenye vikapu vyake. Mashine tulizisikia zikinguruma nyuma ya ukuta.

Ijumaa mchana, Bwana Saa alikuja na kalamu. Ndiye msimamizi, tulimwita hivyo kwa sababu hakuongea na mtu bila kutazama saa yake. Alitupa dakika kumi. "Jazeni, afisa wa mradi anakuja Jumatatu," alisema, na sisi tukaketi juu ya mabunda ya nguo tukajaza. Afisa wa mradi alihesabu kurasa zilizojaa, akafurahi, akapiga picha. Sisi nasi tulikuwa na desturi yetu: kila mtu ana mwenzake wa kubadilishana naye daftari. Mwenzangu alikuwa Chiriku. Alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wote, wa mviringo, na alisaini akiendelea kuongea, bila kutazama. Mstari wa thelathini na moja ulisema: *kusimamisha mashine wakati wa dharura.* Nilitia sahihi kwake, akatia kwangu. Alikuwa anasimulia kuhusu ndoa ya shangazi yake, tukacheka.

Sitaki kusingizia kwamba tulilazimishwa. Hakuna aliyetushika mkono. Tulikitaka cheti, na daftari tupu halina cheti.

Mwezi wa kumi na moja wa mafunzo, mmoja wa wanawake wa mashine akaugua. Bwana Saa aliingia chumbani kwetu, akachukua madaftari juu ya kabati, akafungua lililokuwa juu.

"Wewe. Hapa inaonekana mashine unaijua."

"Hilo daftari linajua mengi kuliko mimi, bosi," akasema Chiriku.

Watu wakacheka. Bwana Saa akatazama saa. Chiriku akanitazama mimi, bado anatabasamu, na mimi nikainama kuokota foronya. Ningeweza kusema sentensi moja tu, kwamba hakuna kati yetu aliyewahi kuigusa ile mashine. Nikaitwa na mimi, niende kukunja upande wa pili, na moyoni nilifurahi kutoka kwenye harufu ile.

Aliponiita niizime, nilikimbia kuizunguka mashine kama kuku aliyechinjwa. Nilivuta waya usiohusika. Nilipiga swichi ya taa. Kitufe chekundu kilikuwepo siku zote, ukutani, nyuma ya kikapu cha foronya kilichojaa pomoni, na aliyekibonyeza ni mama mmoja mtu mzima wa idara ya kukausha, aliyekuja mbio na taulo begani. Sijui zilipita sekunde ngapi. Chiriku alishaanza kupiga kelele wakati huo, na harufu iliyotoka siiandiki hapa.

Alipoteza vidole vinne na nusu ya kiganja. Kikabaki kidole gumba, chenyewe.

Kikao cha kuchunguza ajali kiliitishwa wiki sita baadaye. Jambo la kuamua lilikuwa moja: kama alifundishwa, basi kosa ni uzembe wake na hana fidia, kama hakufundishwa, kosa ni la kiwanda. Siku moja kabla, Bwana Saa alinikuta kwenye korido. Kwa mara ya kwanza hakutazama saa.

"Kati yenu wanane nafasi ya kudumu ni moja," alisema. "Daftari lako zuri sana. Shahidi wako alikuwa nani vile?"

Alijua vizuri alikuwa nani. Daftari la Chiriku likiwa uongo, langu pia ni uongo, maana kila ukurasa una mwandiko wake wa mviringo.

Nyumbani nilimweleza mama yote. Alikuwa anainyoosha sare yangu kwa kiganja juu ya meza, akaendelea kuinyoosha hata ilipokwisha kunyooka. "Mwanangu," alisema, "mkono wake hautarudi kwa wewe kukosa kazi." Nilimchukia kwa maneno hayo, na nikayashika kwa mikono miwili.

Chumba cha kikao kilikuwa na bilauri za maji ambazo hakuna aliyezigusa. Chiriku aliketi na shangazi yake, mkono umefungwa na kulazwa pajani. Alikuwa amekwisha kusema ukweli wake, kwamba tulijaza tu, na shangazi akaitikia kila sentensi kwa kichwa. Kisha nikaitwa. Mwenyekiti akanigeuzia daftari.

"Sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Ulimwona akifundishwa kusimamisha mashine?"

Shangazi yake alinitazama kwa matumaini ya waziwazi, kwa kuwa nilikwisha kula nyumbani kwao.

"Ndiyo," nikasema. "Nilimwona."

Nilisubiri Chiriku aseme kuhusu daftari langu. Lilikuwa pale pale mezani, na neno lake moja lingenizamisha naye. Alifumbua mdomo. Kisha akaufunga, akakipakata kile kiganja kwa mkono mzima, na hakusema tena mpaka tulipotoka. Mtu aliyezungumza na ndoo aliniachia nafasi yangu kwa kunyamaza, na mimi nikaichukua.

Imepita miaka tisa. Sasa mimi ndiye msimamizi. Fimbo haijafungwa, kikapu hakikai mbele ya kitufe, na kila mwanafunzi anayekuja na daftari lake namsimamisha mbele ya rola zinazozunguka, azizime yeye mwenyewe, mara kumi, mpaka akasirike. Wananiona mkali. Sijidanganyi kwamba hilo linafuta kitu.

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye foleni ya ofisi ya vitambulisho. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu, tukitenganishwa na mtu mmoja, alijaza fomu kwa mkono wa kushoto, polepole, kwa herufi zilizolala huku na huku. Karani akalinganisha na faili la zamani, akatikisa kichwa. "Sahihi haifanani, mama. Hapa itabidi dole gumba. Na shahidi, mtu yeyote anayekufahamu."

Akageuka. Amenenepa kidogo, na nywele zimeanza mvi upande mmoja. Macho yake yalimpita mtu aliyekuwa nyuma yake, yakafika kwangu, yakatulia. Nilikwisha kutoa kalamu mkobani. Sikumbuki kuitoa, nakumbuka tu nilikuwa nayo mkononi, na kwamba nilitamani sana aniite.

"Simfahamu mtu hapa," akamwambia karani.

Karani hakutaka kubishana. Akamwomba bwana aliyesimama kati yetu asaidie, ili foleni isogee. Bwana yule alikuwa na simu sikioni. Chiriku akachovya dole gumba kwenye wino, kile kidole kilichobaki peke yake mkono wa kulia, akakibandika kwenye karatasi na kukikandamiza kwa mkono wa kushoto, kwa makini, mpaka alama ikatoka nzima. Bwana yule akasaini pembeni huku akiongea, bila kutazama.

Yote hayo niliyaona kwa macho yangu, tangu wino mpaka karatasi, na hakuna aliyeniomba sahihi.